Mji janja wa kaskazini umelala chini ya barabara

Kila baridi inapoanza Ulaya ya kaskazini, kuna habari moja inayofufuka kwenye makundi yetu ya WhatsApp: kompyuta za Microsoft zitapasha moto nyumba za watu Finland. Huja na picha ya theluji, na anayeituma hakosi kuongeza la kwake, kwamba wenzetu wameshafika huko na sisi bado tunabishana kuhusu mitaro. Habari yenyewe si uzushi. Machi 2022 Microsoft na Fortum, kampuni ya nishati ambayo zaidi ya nusu ya hisa zake ni za serikali ya Finland, zilitangaza kwamba vituo vya data, majengo yaliyojaa kompyuta zinazotoa joto, vitakavyojengwa karibu na Helsinki vitatoa joto lake kwa wakazi wa Espoo na miji miwili jirani, na kwamba kazi ikikamilika joto hilo litatosha asilimia 40 hivi ya mahitaji ya wateja wa mtandao wa mabomba ya joto wa Fortum. Kilichopinda ni usomaji wake. Watu wanashangilia kompyuta, na bomba lililobeba kazi nzima halitajwi na mtu.

Hoja yangu naisema mapema ili anayetaka kubishana ajiandae. Miji ya baridi inayosifiwa leo kwa ujanja ilimaliza kazi yake ngumu miongo mingi iliyopita, chini ya ardhi, bila kamera hata moja. Vihisio, yaani vifaa vidogo vya kupima joto, mwendo na kadhalika, programu na data vilikuja baadaye, vikakuta meza imeshatandikwa. Mji unaonunua vihisio kabla ya kuzika mabomba yake unanunua kachumbari bila pilau. Na neno lenyewe tulilojitungia kuuita mji unaoendeshwa kwa vihisio na data, mji janja, kwa mfano wa simu janja, nalipenda kwa sababu limebeba shaka ndani yake: mjanja ni mtu mwerevu, lakini akikaa karibu yako kwenye daladala unashika mfuko.

Tuanze na bomba, maana msomaji wa Mombasa au Morogoro hana sababu ya kulijua. Katika miji mingi ya Finland, Sweden na Denmark jengo halina tanuri lake la kujipasha joto. Maji hupashwa mahali pamoja, husukumwa kwenye mabomba yaliyofungwa kizuia joto na kuzikwa chini ya barabara, huingia kila jengo, huacha joto lake, kisha hurudi yalikotoka yakiwa yamepoa ili yapashwe tena. Helsinki ilianza hivyo miaka ya 1950, na leo karibu majengo tisa kati ya kumi ya jiji yameungwa humo. Wakati wa kiangazi maji hayo hutoka na nyuzi 65 hivi. Baridi ikikaza hupandishwa hadi nyuzi 115, na hayageuki mvuke kwa kuwa yamebanwa kwa shinikizo.

Niliishi Oulu, kaskazini mwa Finland, majira mawili ya baridi, na siku moja fundi wa jengo letu alinishusha kwenye chumba cha chini nikaone. Nilitegemea skrini. Nilikuta mabomba mawili mazito yaliyofungwa kama wagonjwa wa ajali, moja la kuingia na moja la kurudi, sanduku la mabamba ya chuma ambamo maji ya mji huyapa joto maji ya jengo bila kuchanganyika nayo, vipimo vya mshale, na kijisanduku kimoja cha kuongozea. Kijisanduku hicho kilikuwa na waya unaotoka nje hadi kwenye kihisio cha ukubwa wa kiberiti, kilichopigiliwa ukuta wa kaskazini ambako jua halikifikii. Nje kukipoa, kinafungua maji zaidi. Kukipata joto, kinabana. Ghorofa sita zilikuwa zinaongozwa na kiberiti kile. Nilipomuuliza watajuaje bomba likipasuka huko chini ya lami, alicheka. Maji ya mtandao, akasema, hutiwa rangi ya kijani. Mtu akiona dimbwi la kijani kwenye theluji anapiga simu.

Sasa rudi kwa Microsoft. Kituo cha data kina joto jingi lakini hafifu: kinachotoka kwenye kompyuta huwa na nyuzi 30 na kitu, vuguvugu la kumwogeshea mtoto. Huwezi kulipasha jengo kwa vuguvugu wakati nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri. Inabidi pampu za joto, mashine zinazofanya kazi ya friji kwa kinyume chake, zilikusanye na kulipandisha, halafu lipatikane bomba la kulisafirisha hadi kwenye rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyosambaza joto chumbani. Fortum walipokaa mezani na Microsoft walikuwa tayari na kilomita 900 hivi za mabomba na watumiaji 250,000 upande wa pili. Yaondoe mabomba hayo, joto lingepulizwa angani kama linavyopulizwa na vituo vya data vingi duniani, vikiwemo vingi vilivyo kwenye nchi za baridi.

Helsinki inaonyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa sababu pale unaweza kufuata mtandao mmoja ukibadilisha chakula. Ulilishwa makaa ya mawe na gesi kwa miongo mingi. Mwaka 2006 kikafunguliwa kituo cha pampu za joto chini ya bustani ya Katri Vala kinachovuna joto la maji taka yaliyosafishwa, yale yale yaliyopita kwenye mabafu na sinki za jiji. Mapango ya Mustikkamaa yaliyochongwa kwenye mwamba kuhifadhi mafuta mazito yakageuzwa matangi ya maji ya moto. Yakaongezwa matanuri makubwa ya umeme yanayowashwa upepo unapovuma na bei kushuka. Kituo cha makaa cha Hanasaari kikafungwa 2023, na Aprili 2025 Helen, kampuni ya nishati inayomilikiwa na jiji lenyewe, ikazima Salmisaari, tanuri lake la mwisho la makaa ya mawe. Katika safari hiyo yote mama aliye ghorofa ya nne hakubadilisha skrubu hata moja nyumbani kwake. Rejeta yake haijui maji yalipashwa na nini. Huo kwangu ndio ujanja wenyewe: mfumo uliojengwa bila kujifunga kwa chanzo kimoja, ukawaachia wajukuu nafasi ya kubadili mawazo.

Nisiupake mji huo mafuta kupita kiasi. Sehemu ya nafasi iliyoachwa na makaa imejazwa na vipande vya miti vinavyochomwa, na Wafinland wenyewe wanagombana kama huko ni kusafisha hewa au ni kuhamisha deni kwenda msituni. Ni ugomvi halali. Lakini angalia kuwa ni ugomvi kuhusu nini kiwekwe kwenye tanuri, na kinaweza kutolewa kesho. Jiji ambalo kila nyumba ina jiko lake lingelazimika kuugombania mlango kwa mlango.

Wapo wanaojibu kwamba haya yote hayana fumbo. Baridi, wanasema, ndiyo mwalimu. Anayeishi mahali ambapo uzembe unaua atajipanga tu. Nimeisikia hoja hii kwa wasomi na kwa madereva teksi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mji mkuu wenye baridi kali kuliko miji mikuu yote ya dunia ni Ulaanbaatar, Mongolia, ambako usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Katikati ya mji kuna joto la bomba, urithi wa enzi za Kisovieti. Kuzunguka hapo, kwenye vilima, ndiko inakoishi zaidi ya nusu ya watu wa mji, kwenye nyumba ndogo na mahema ya duara yaitwayo ger, kila moja na jiko lake la makaa ya mawe. Moshi wake uliufanya mji huo kuwa miongoni mwa yenye hewa chafu zaidi duniani majira ya baridi, na mwaka 2019 serikali ikapiga marufuku makaa ghafi na kuleta ya kufinyangwa. Baridi ile ile, mji mmoja, watu wa lugha moja. Kinachowatenga ni mpaka wa bomba. Anayeyajua maeneo ya mabanda pembeni ya Nairobi, ambako bomba la maji hupita likielekea kwa wengine, hahitaji kuchorewa ramani.

Na hata bomba peke yake halitoshi. Januari 2024 maelfu ya watu wa Podolsk, nje kidogo ya Moscow, walikaa majumbani bila joto baada ya tanuri lililokuwa mali ya kiwanda cha risasi kuharibika, huku nje kukiwa na baridi kali. Urusi ni miongoni mwa nchi zenye mabomba ya joto mengi zaidi duniani. Wanayozungumza mafundi wa kazi hii, ukiwapa nafasi, ni umri wa vyuma, bajeti ya kubadilisha kipande baada ya kipande kila kiangazi wakati hakuna anayehitaji joto, na nani anaamka saa nane usiku. Barabara za Helsinki huchimbwa kila mwaka na wenyeji hulalamika kila mwaka. Malalamiko hayo ni dalili ya afya.

Hoja ya fedha, kwamba haya ni ya nchi tajiri tu, ina uzito zaidi, na sitaki kuipita kwa dharau. Ni kweli kwamba kilomita mia kadhaa za bomba zinahitaji mkopo wa muda mrefu na riba ndogo, na manispaa ambayo mkopeshaji anaiamini. Ni kweli pia kwamba mfumo huu hulipa pale tu watu wanapoishi kwa kubanana. Ukiwa na nyumba moja kila nusu kilomita, joto linapotelea njiani. Lakini tajiri wa leo alianzaje? Reykjavik ilipolaza bomba lake la kwanza mwaka 1930, kutoka kwenye chemchemi za moto za Laugarnes, Iceland ilikuwa nchi ya wavuvi na wafugaji chini ya mfalme wa Denmark. Akina mama wa mji walikuwa wakifulia nguo kwenye chemchemi hizo. Bomba lile lilipasha shule moja, hospitali na nyumba chache, basi. Bei ya mafuta ilipopaa baada ya 1973 nchi iliharakisha kulisambaza joto hilo, kwa kuwa mfano ulikuwepo na mafundi walikuwepo. Leo nyumba tisa kati ya kumi za Iceland hupashwa kwa joto la ardhini, na katikati ya Reykjavik maji yaliyokwisha kupasha nyumba hupitishwa chini ya njia za waendao kwa miguu yayeyushe theluji kabla ya kumwagwa. Utajiri haukutangulia mabomba. Kwa kiasi fulani mabomba yaliusaidia kuja, kwa kuwa fedha iliyokuwa ikilipia mafuta ya nje ilibaki nyumbani.

Na kama kuna mahali ambapo Afrika Mashariki imeshaelewa somo hili bila kelele, ni hapo hapo. Tangu 1979 Iceland imekuwa ikiendesha mafunzo ya nishati ya joto la ardhini chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Waliorudi wamo miongoni mwa walioiendeleza Olkaria, eneo la mvuke wa ardhini la Kenya. Walichokwenda kujifunza kaskazini ni visima, mvuke na kutu. Hakuna aliyewapiga picha ikasambaa WhatsApp.

Tuwape sasa watu wa vihisio haki yao, maana wana hoja moja ambayo siwezi kuisukuma pembeni. Sehemu kubwa ya kaskazini imejengwa juu ya ardhi iliyoganda daima, udongo wenye barafu ndani usioyeyuka hata kiangazi. Majengo ya Yakutsk na Norilsk, miji ya Urusi, yamesimamishwa juu ya nguzo ndefu ili upepo wa baridi upite chini yake na joto la sakafu lisiifikie ardhi. Sasa dunia inapata joto na ardhi hiyo inalegea. Mei 2020 tangi la dizeli la kituo cha umeme nje ya Norilsk lilipasuka baada ya nguzo zake kudidimia, zaidi ya tani 20,000 zikamwagika hadi kwenye mito, na kampuni ya Nornickel ikatozwa faini ya ruble bilioni 146. Ardhi ikisogea hivyo, kihisio kinachopima joto la udongo chini ya jengo kinakuwa na thamani ya jengo lenyewe. Longyearbyen, kule Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini, ilijifunza kwa namna nyingine: Desemba 2015 poromoko la theluji lilizoa nyumba 11 na kuua watu wawili, mmoja wao mtoto. Kupima theluji inavyojikusanya juu ya mlima ni kazi ambayo macho ya binadamu hayawezi kuifanya usiku wa miezi kadhaa. Hapo nakubali bila masharti. Nakubali pia kwenye mambo madogo: Helsinki iliweka hadharani data ya mahali yalipo magreda yake ya theluji, na raia wakatengeneza ramani inayoonyesha yamepita mtaa gani na saa ngapi. Ni kitu kizuri. Ila hakuna ramani ya greda mahali pasipo na greda, na kwa miaka mingi kabla ya ramani hiyo Oulu ilikuwa inaifagia njia ya baiskeli asubuhi na mapema, ndiyo maana niliona wazee wa miaka sabini wakienda sokoni kwa baiskeli katikati ya Februari, ndevu zimeganda.

Kinyume chake ni Toronto. Oktoba 2017 kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu wa Google chini ya Alphabet, ilichaguliwa kuandaa mtaa mpya wa kando ya ziwa uitwao Quayside, eneo la hekta tano hivi. Michoro ilikuwa ya kupendeza: njia za miguu zenye vitofali vinavyojipasha moto kuyeyusha theluji, mapaa ya kukunjuka kuzuia mvua, na vihisio kila kona. Swali likawa moja tu, data ya mpita njia ni ya nani. Ann Cavoukian, aliyewahi kuwa kamishna wa faragha wa jimbo la Ontario na alikuwa mshauri wa mradi, alijiuzulu Oktoba 2018 alipoona kwamba wahusika wengine wasingelazimika kuondoa utambulisho wa watu kwenye data tangu inapokusanywa. Mei 2020 kampuni ikaufunga mradi na kusema sababu ni uchumi uliovurugwa na korona. Hakuna tofali lililopashwa moto. Na hapo hapo Toronto, tangu 2004, kuna mabomba yaliyozamishwa Ziwa Ontario hadi kina cha mita 83 yanayovuta maji ya nyuzi 4 kupoza maghorofa ya katikati ya jiji wakati wa kiangazi. Watalii hawaonyeshwi, kwa sababu hakuna cha kuona. Mji ulikuwa na mradi wa ujanja unaofanya kazi kila siku, na dunia nzima ilikuwa ikiuangalia ule wa michoro.

Kuna ujanja wa namna nyingine unaotoka kwenye baridi, na huu umetufikia hadi huku. Mwishoni mwa 2012, Yakutsk ikiwa nyuzi 45 chini ya sifuri, kampuni za teksi zilipandisha nauli, na watu wakaanzisha kundi mtandaoni ambamo abiria anataja nauli yake na dereva anakubali au anakataa. Kundi hilo likawa programu, na programu hiyo ni inDrive, ambayo leo mtu wa Nairobi au Arusha anaifungua na kubishania shilingi kama yuko sokoni. Wanaoipanga miji janja hawaitaji kamwe kwenye mifano yao, labda kwa sababu haikutoka kwenye mpango wa mtu. Iligunduliwa na watu waliokuwa wakigandia kituoni.

Mahali ninapoona hatari ya kweli ni pale ambapo tabaka la juu, la data, linaanza kuamua nani abebe mzigo. Finland ilifunga mita janja za umeme mapema. Kufikia mwisho wa 2013 karibu kila kaya ilikuwa na mita inayosoma matumizi kwa saa. Kaya nyingi zikachukua mikataba inayofuata bei ya soko saa kwa saa. Siku za kawaida ni raha: uniti moja hugharimu senti chache za euro, watu huwasha sauna na kufua nguo upepo ukivuma. Novemba 24, 2023 bei ilishuka chini ya sifuri kabisa, kwa sababu tu kampuni moja ya Norway iliingiza sokoni kimakosa umeme ambao haikuwa nao. Halafu ikaja Januari 5, 2024. Baridi ilikuwa kali nchi nzima, na saa moja jioni uniti moja ikafika karibu euro 1.9 kabla ya kodi. Mwenye joto la bomba alizima taa mbili tatu akaendelea na maisha. Mwenye nyumba ya kijijini inayopashwa kwa umeme mtupu alikaa jikoni na koti, simu mkononi, akingoja saa ya nafuu. Mita ilikuwa janja kwelikweli. Ilimpa taarifa zote na ikamwachia hasara yote. Bomba humkinga mtu kwa kumuunganisha na wenzake, na mita ilimtenga ikamwita mteja huru.

Kwa hiyo ninapoisoma tena ile habari ya Espoo, ninayotaka kuijua ni mikataba. Espoo iliiuza kampuni yake ya umeme zamani, na ndiyo maana mazungumzo na Microsoft yalifanywa na Fortum. Mji mdogo wa Mäntsälä, kaskazini mwa Helsinki, ulikuwa umeshaonja jambo hili kabla ya wengine: kuanzia 2015 nyumba zake zilikuwa zikipashwa kwa joto la kituo cha data cha Yandex, kampuni ya Urusi. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, msambazaji wa umeme akakikatia mkataba, na kituo kikalazimika kuendeshwa kwa jenereta za dizeli. Fikiria hali hiyo: joto la sebule ya mstaafu wa Kifinland linategemea jenereta za kampuni ya Moscow. Mji haukuganda, kwa kuwa mtandao wake haukuwa umefungwa kwa chanzo hicho peke yake. Kituo kile sasa kimebadilisha mmiliki na jina na kinapanuliwa kwa ajili ya akili bandia, na bila shaka kitauza joto zaidi.

Kampuni inayoleta tanuri la bure huwa na sauti kubwa kwenye chumba cha mkutano. Itataka umeme wa bei ya chini, ardhi, msamaha wa kodi, na itakumbusha kwa upole kwamba watu wako wanaoga maji yake. Luleå, pwani ya kaskazini mwa Sweden, imekuwa ikipashwa kwa miongo kadhaa kwa gesi inayotoka kwenye tanuri la chuma la SSAB, na bei yake ya joto ni miongoni mwa za chini kabisa nchini humo. Sasa SSAB inaacha makaa na kuhamia chuma cha kuyeyushwa kwa umeme, uamuzi mwema kwa hewa ya dunia, na gesi ile itakwisha. Mji huo huo ndiko Facebook ilikofungua, mwaka 2013, kituo chake cha kwanza cha data nje ya Marekani. Wahandisi wa manispaa wanapiga hesabu ya chanzo kipya, na itabidi wafike kwenye meza hiyo wakiwa na kitu cha kukataa nacho. Wanacho kimoja: mabomba ni ya mji.